Kabla hujanunua drone, kajifunze kurusha ndege yenye mabawa

Kila baada ya muda napata meseji ya aina moja, safari hii imetoka kwa dogo mmoja wa Morogoro, mtoto wa jirani yetu wa zamani, "shikamoo kaka, nina hela yangu kidogo nataka drone, ninunue ipi?" Jibu langu huwa linawakera watu, maana namwambia marahaba mdogo wangu, hiyo hela ishike kwanza, tafuta wanaorusha ndege ndogo za rimoti zenye mabawa ujifunze kwao, drone ije baadae. Wengi wanaishia hapo hapo, wananiona mzee anayeleta longolongo. Huyu dogo akauliza kwanini, kwahiyo namjibu hapa kwa kirefu na wengine mtakaouliza ntakuwa nawatumia hii hii.

Mimi naishi Uingereza, kazi yangu haihusiani kabisa na ndege, ila wikendi kama hakuna mvua na upepo umetulia utanikuta kwenye klabu yetu. Usije ukafikiria uwanja wa lami na mnara. Ni kipande cha shamba la mkulima, upande mmoja nyasi zinakatwa fupi ndo tunarukia hapo, kuna kontena la chuma lenye kufuli ambalo ndani lina mashine ya kukatia nyasi, birika, kopo la majani ya chai na viti vya plastiki ambavyo vimeshachoka, nje kuna mlingoti wenye lile soksi la kuonyesha upepo unatoka wapi, na kuna wavu mfupi wa kutenganisha anayerusha na anayeangalia. Basi. Kipindi kondoo wanazaa mkulima anasema wiki hizi msije, hatuji, hakuna anayebishana naye maana tukimuudhi huyo hatuna klabu.

Watu wenyewe wengi ni wazee. Kuna fundi umeme mstaafu, kuna aliyekuwa mwalimu wa hesabu, kuna dereva wa lori, kuna mmoja alikuwa fundi wa ndege jeshini, huyu akikukagulia ndege yako ujue umekaguliwa, anavuta kila kitu kwa vidole, anatikisa mota, anageuza kila skrubu, na akikuta kitu kinacheza hasemi neno anakuangalia tu. Hawana haraka hawa. Unaweza kukaa nao mchana kutwa na ndege zimekuwa hewani muda mfupi sana, uliobaki wote ni chai na kubishana, mtu kafungua tumbo la ndege yake juu ya meza wenzake watano wamemzunguka kila mmoja ana dawa yake. Mimi niliyekulia kwenye vijiwe vya kahawa Tanga nilijiona nimefika nyumbani, tofauti ni kwamba hapa hakuna anayejadili Simba na Yanga.

Klabu za hapa karibu zote ziko chini ya chama chao kinaitwa British Model Flying Association, BMFA, cha mwaka 1922, yaani hawa watu walianza kujipanga wakati hata redio ya kuongozea haipo, wanarusha ndege za mbao nyepesi za balsa zinazosukumwa na mpira uliosokotwa. Ukijiunga na klabu unalipa na ada ya chama, na ndani ya ada hiyo kuna bima, ukimuumiza mtu au ukatoboa paa la gari yake bima inabeba. Hiyo bima ndo inayofanya mkulima akubali kutukodisha shamba, na ndo kitu cha kwanza nnachokikosa nikifikiria nyumbani, ntakuja huko.

Sasa kwanini mabawa kwanza. Drone ya kamera, hizi za kampuni ya DJI na ndugu zake, inajirusha yenyewe. Nasema hivyo bila kuidharau, ni kifaa cha maana sana, ina GPS, ina kipimo cha presha ya hewa kinachojua iko juu kiasi gani, ina kamera tumboni zinazoangalia ardhi isiteleze. Ukiachia stiki inasimama hapo hapo inakusubiri. Mawasiliano yakikatika inarudi ilikotoka. Wewe kazi yako ni kuiomba iende kushoto na programu inakutimizia. Tatizo linakuja siku GPS imepotea, labda uko chini ya mabati au katikati ya majengo marefu, hapo inaingia modi ambayo haijishikilii, upepo unaanza kuibeba polepole kuelekea kwenye nyaya za umeme, na mtu aliyekuwa anairusha kwenye harusi tangu mwaka juzi anaanza kupapasa stiki maana hajawahi hata siku moja kuirusha mwenyewe.

Ndege yenye mabawa haina hiyo huruma. Ukiachia stiki haisimami, inaendelea na safari yake. Bawa linabeba pale tu hewa inapopita juu yake kwa mwendo wa kutosha, ukivuta pua juu sana mwendo unakufa, bawa linaacha kubeba, ndege inalala upande mmoja inadondoka, na kama uko chini huna nafasi ya kuiokoa inakula mzinga mbele ya watu wote. Kwahiyo kuanzia dakika ya kwanza unajifunza kufikiria mbele ya ndege, itakuwa wapi baada ya sekunde tatu, upepo unaisukuma wapi, kama mota ikizima sasaivi natua wapi. Mtu akishakuwa na kichwa cha namna hiyo mpe drone yoyote uone.

Unavyofundishwa ndo sehemu nnayoipenda kuliko zote. Rimoti zinakuwa mbili, yako na ya mwalimu, zamani zilikuwa zinaunganishwa kwa waya siku hizi zinaongea zenyewe hewani. Rimoti ya mwalimu ina swichi ya springi. Akiishika umepewa ndege, akiiachia tu ndege imerudi kwake. Anaipandisha yeye mpaka juu, kama minazi mitatu ukiipandanisha, anaituliza, anakwambia "yako", na wewe unasikia mikono inatoka jasho. Ukiharibu hasemi kitu, kidole kinaachia swichi, ndege inajinyoosha, anaipandisha tena, "yako". Yule mzee aliyenifundisha alikuwa anafanya hivyo huku kikombe cha chai kiko kwenye mkono mwingine, yaani kidole kimoja kwenye swichi na macho juu, na mpaka leo sijui alikuwa anakunywa saa ngapi.

Kinachowatesa wageni wote ni pale ndege inapogeuka kuja kwako. Ikiwa inaenda mbali, kulia kwako ndo kulia kwake hakuna shida. Ikigeuka inakuja usoni, kulia kwako kumekuwa kushoto kwake, unaona inainamia kulia unasukuma stiki kushoto ili kuinyanyua na inazidi kuinama, unaongeza, inazidi, na hapo ndo kidole cha mwalimu kinaachia swichi. Dawa yake ni rahisi ukishaambiwa, ndege ikiwa inakuja usiwaze kulia wala kushoto, angalia bawa gani limeinama, sogeza stiki upande wa hilo bawa kama unaliwekea nguzo chini yake. Linanyanyuka. Ukifanya hivyo wiki kadhaa kichwa kinazoea hutafsiri tena, mikono inajua yenyewe. Kwenye drone ya kamera hili jambo unaweza kulikwepa miaka, unageuza tu kamera iangalie mbele unarusha kwa kuangalia skrini kama gemu, ndo maana wengi wakiambiwa warudishe drone kwa macho wanababaika.

Alafu kutua. Unazunguka uwanja kwa mstatili, unakuja ukiikabili upepo, unapunguza moto, yaani nguvu ya mota, na hapa kila mgeni anaona ndege inashuka anaogopa anavuta pua juu. "Usivute! Usivute!" Wazee wote wanapiga kelele kwa pamoja, hata wale waliokuwa kwenye viti. Kitu kinachosumbua kichwa ni kwamba kwenye kutua moto ndo unaamua unashuka kwa kasi gani, na pua ndo inaamua mwendo, kinyume na vile unavyodhani. Ukilielewa hilo umeshakuwa rubani mdogo. Uwanjani kuna adabu yake pia, unapaza sauti unaporuka, unapaza sauti unapotua, na mtu akipiga kelele kwamba mota yake imezima wengine wote mnampisha maana yeye hana nafasi ya pili.

Ukiwa tayari kuna mtihani wa chama, cheti cha daraja A wanakiita, unaruka, unachora namba nane hewani mbele yako, unafanya mzunguko wa mstatili, unatua, unatua tena kwa kuigiza mota imezima, kisha unaulizwa maswali ya usalama na sheria. Klabu nyingi hazikuruhusu kurusha peke yako mpaka uwe nacho. Kuna B pia na hiyo ni ya watu wanaotaka kurusha mbele ya umati kwenye maonyesho.

Kitu kingine utakachojifunza klabuni bila hata kuambiwa ni mzani wa ndege. Unaibeba kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, kama robo mpaka theluthi ya bawa ukipima kutoka ukingo wa mbele kwenda wa nyuma, inatakiwa ilale sawa au pua izame kidogo tu. Wao wana msemo kwamba ndege yenye pua nzito inaruka vibaya na yenye mkia mzito inaruka mara moja. Sisi tulijua kitu cha namna hii kwenye tiara, si unakumbuka, vijiti vya chelewa na mfuko wa nailoni, ukifunga ile kamba ya kifuani chini kidogo tu tiara haipandi inagonga gonga chini, unasogeza fundo kidogo inapanda mpaka uzi unakwisha. Hakuna aliyetufundisha. Kwahiyo mtu akiniambia Waswahili hatuna msingi wa mambo haya namshangaa.

Niwape na hadithi ya vibanio maana wazee wakianza hii hawamalizi. Zamani rimoti zilitumia masafa ya megahezi 35, yaliyogawanywa kwenye chaneli chache zenye namba. Watu wawili wakiwasha rimoti kwenye chaneli moja, ndege iliyoko hewani inasikiliza mabwana wawili inachanganyikiwa inaanguka. Basi kila klabu ilikuwa na ubao wenye namba, na kila mtu ana kibanio chake, kile cha kuanikia nguo kabisa, kimeandikwa jina. Hujaweka kibanio chako kwenye namba yako huwashi rimoti, na ukimkuta mwenzio yupo unasubiri ashuke. Mtu akisahau akawasha, ndege ya miezi sita ya kazi ya mikono iko ardhini vipande vipande na urafiki umekwisha. Siku hizi tunatumia gigahezi 2.4, rimoti na kipokezi vinajuana na kurukaruka masafa vyenyewe, mnaweza kurusha wengi kwa pamoja. Ubao wetu bado upo ukutani na vibanio viwili vitatu vyenye majina, wengine wenye majina hayo hawapo tena, hakuna anayethubutu kuviondoa.

Sheria sasa, kwa kifupi maana inachosha. Hapa huruhusiwi kupita futi 400, mita 120, na drone au ndege yoyote ya gramu 250 kwenda juu imekuwa lazima isajiliwe tangu Novemba 30, 2019. Wazee walikasirika sana maana wamerusha miaka hamsini bila namba. Wengi wanalaumu mkasa wa uwanja wa ndege wa Gatwick, London, wa Desemba 2018, kabla tu ya Krismasi, ripoti za drone kuonekana zilifunga uwanja ule kwa zaidi ya siku moja, safari kama 1,000 ziliharibika, abiria kama 140,000 wakakwama, na aliyefanya hakupatikana kabisa. Kweli sheria ilikuwa inaandaliwa tangu kabla ila baada ya pale hakuna mwanasiasa angesimama kuwatetea watu wa drone. Usajili ulianza pauni 9 kwa mwaka, na kuanzia Januari 2026 wamekaza tena, mtihani mdogo wa mtandaoni unaanzia chombo cha gramu 100, kwahiyo hata zile ndogo za kuchezea zenye kamera zimeingia.

Ila hapa pana kitu ambacho kinaunga mkono hoja yangu, na sikukipanga mimi. Mamlaka ya anga imekipa chama kibali maalum kwa ajili ya wanachama, na kwenye kibali hicho ndege ya chini ya kilo 7.5 inaweza kupita futi 400 ukifuata masharti, lakini drone za mapanga mengi hazimo kwenye ruhusa hiyo. Wanajua mwenye ndege anaikodolea macho na akili yake iko juu, wa drone anaweza kuipeleka mpaka isikoonekana na bado akawa anatabasamu kwenye skrini.

Nisionekane nachukia drone. Klabuni tuna vijana wa FPV, wale wa kuvaa miwani ya video, drone zao wanaunda wenyewe, propela za inchi tano, hazina GPS hazina kusimama hewani, ukiachia stiki inabaki imeinama vile vile ilivyokuwa. Wale ni marubani, tena wazuri kuliko mimi. Wanaanguka kila wakati, wanakaa chini na pasi ya kuchomelea risasi wanabadilisha mota hapo hapo kwenye nyasi, wanarudi hewani. Kisheria aliyevaa miwani lazima awe na mwenzake pembeni anayeangalia anga kwa macho, na hilo limewafanya wasiwe watu wa kujitenga, wanakuja wawili wawili. Wazee mwanzoni hawakuwataka, wanasema zinalia kama nyigu na zinaruka ovyo, jambo likabishaniwa mkutano mzima wa mwaka, mwisho ikapangwa saa zao na upande wao wa shamba. Mimi nilikuwa upande wa vijana, maana klabu yenye wazee watupu inakufa nao, na pia huwezi kulalamikia kelele za nyigu wakati injini zako za mafuta zilipigiwa kelele na majirani mpaka mwongozo wa serikali wa 1982 ukaweka kikomo cha kelele desibeli 82 ukipima umbali wa mita saba. Baridi ikikaza tunakodi ukumbi wa michezo wa shule, vijana wanaleta vidrone vidogo vya kukaa kiganjani wazee wanaleta vindege vyepesi kama jani, na pale ndani kila mtu anamchekea mwenzake.

Betri lazima niiongelee maana hii inaweza kuchoma nyumba ya mtu. Karibu sote tunatumia betri za lipo, yaani lithiamu polima. Kila seli moja ina volti 3.7 ya kawaida, ikijaa ni 4.2, ikishuka chini ya 3 umeiua. Unaposikia mtu anasema 3S maana yake seli tatu zimepangwa pamoja. Unachajia chaja yake maalum inayosawazisha kila seli peke yake kupitia ule waya mdogo mweupe wa pembeni, na kama hurushi wiki hii usiiache imejaa, irudishe kwenye volti kama 3.8 kwa seli, chaja nzuri ina kitufe cha kazi hiyo. Betri iliyovimba haitumiki, hata kama bado inawasha mota, hata kama mwenye duka anakuapia. Usichajie juu ya zulia, usichajie ukalala, usichajie kwenye gari umeenda kula. Ikishika moto haizimiki kirahisi, inatoa moshi mchungu na mwali unaochomoka kama mshale, wazee wetu wanachajia ndani ya maboksi ya chuma ya risasi waliyonunua kwenye maduka ya vitu vya jeshi, yako juu ya mchanga, nje. Dogo, wewe na hicho chumba chako cha kupanga chenye neti na godoro, nakuomba hapa unisikilize.

Haya, twende nyumbani. Watu wakisikia ndege za rimoti wanasema hayo ni mambo ya wazungu wastaafu. Angalia sasa nani anafanya kazi ya maana kwenye anga letu. Kampuni ya Zipline walipoanza kupeleka damu mahospitalini Rwanda mwaka 2016 hawakutumia kale kadrone ka mapanga manne, ni ndege yenye mabawa, inarushwa kwa manati kubwa, inadondosha boksi kwa parachuti ya karatasi, inarudi inadakwa mkiani kwa kamba. Zanzibar mwaka huo huo ulipoanza mradi wa kupiga ramani ya Unguja na Pemba nzima kutoka angani, chini ya Kamisheni ya Ardhi, vijana wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, walikuwa wanarusha eBee, kindege cha povu gumu kisichofika hata kilo moja, unakirusha kwa mkono. Mwanza 2018 walijaribu kupeleka dawa kisiwani Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika kama 40 juu ya ziwa, na kile chombo kilikuwa kinapaa wima kisha kinalaza mota zake kinaenda kwa mabawa. Sababu ni moja tu, bawa linabebwa na hewa bure, mapanga manne yanakula betri hata ukisimama bila kwenda popote. Drone ya kamera inakaa nusu saa imechoka, eBee inakaribia saa nzima kwa betri ndogo.

Kwahiyo kijana wa Kitanzania anayetaka kuingia kwenye kazi hizi, sio kupiga picha za harusi tu, akijua kurusha na kutengeneza ndege ya mabawa amewatangulia wenzake mbali. Tatizo hatuna pa kujifunzia. Klabu kumi au ishirini za kawaida tu, Dar, Arusha, Mbeya, Mwanza, zingetosha kuanzia. Mahitaji sio makubwa, kiwanja cha wazi mbali na njia za ndege kubwa, bima, na mtu mmoja mvumilivu wa kwenda kukaa na watu wa TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania, wakubaliane eneo na mipaka, maana kibali hukwepi, na kwenye hifadhi za taifa usithubutu hata kuitoa kwenye begi bila ruhusa. Hiyo ya kukaa na mamlaka ndo ngumu. Mtu mmoja mmoja akienda kuomba anaonekana ana jambo lake, kikundi kilichosajiliwa chenye bima na sheria zake kinasikilizwa, hapa Uingereza ndivyo ilivyokuwa na kile kibali maalum hawakupewa watu binafsi. Kenya walitoka kwenye hali ambayo karibu usingeweza kurusha kitu hadi kanuni za 2020, na sasa wana daraja za hatari na utaratibu unaoeleweka hata kama una karatasi nyingi.

Watu wa Mbeya mkianzisha, kumbukeni mko mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa yenu nyepesi kwa asilimia kama 15 kuliko ya Dar. Ndege ile ile itataka mbio ndefu zaidi kuruka na itatua ikiwa na kasi zaidi, wekeni propela kubwa kidogo na msinunue ndege nzito yenye mabawa madogo kwa sababu tu picha yake ni ya kijeshi inapendeza.

Sasa dogo, kwa hela yako. Anza na simuleta, programu ya kuigiza kurusha ndege kwenye laptop, zipo za bure, unachomeka rimoti kwa waya wa USB unaanguka humo humo mpaka uchoke bila gharama, na lile tatizo la ndege inayokuja usoni limalizie humo. Alafu ndege ya kujifunzia, mabawa yawe juu ya mwili yasiwe chini, mabawa kutoka ncha hadi ncha mita moja na nusu hivi, ya povu maana povu linaunganika kwa gundi na vijiti vya mishikaki, mota ya kawaida ya umeme puani na betri ya 3S. Usichukue ya jeti. Usichukue Spitfire, ile ndege ya kivita ya Waingereza ya vita vya pili. Kila mtu anataka Spitfire.

Na kabla hujanunua rimoti uliza kwanza hao watakaokufundisha wanatumia modi gani. Modi 2 stiki ya kushoto ndo moto, modi 1 moto uko kulia, na ukijifunza moja ukaja kushika nyingine mikono inakusaliti. Hapa wengi ni modi 2 ila wapo wazee wa modi 1 na hawahami, na mwalimu wa modi tofauti na yako akikupokonya rimoti ndege ikiwa inazama hawezi kukusaidia kitu. Ukishapata mtu huko Moro anayerusha, niambie ni modi gani, nina rimoti moja ya ziada ntampa mtu anayekuja Desemba akuletee.